Mafuta ya Ndizi Yasiyotoka Katika Ndizi

Ukipita kando ya karakana ambamo fundi anapuliza rangi juu ya mlango wa gari, au ukiketi karibu na msichana anayejipaka rangi ya kucha, yamkini pua yako itakuletea habari ya ajabu. Itakuambia ya kwamba hapo karibu pana mkungu wa ndizi mbivu, au kikapu cha matunda matamu. Utageuza macho huku na huku, lakini ndizi hutaziona. Harufu ile haitoki katika tunda. Hutoka katika umajimaji mwangavu kama maji, usio na rangi, upendao kuruka hewani. Watu wa biashara tangu zamani wameuita mafuta ya ndizi, ingawa si mafuta ya kupikia, wala hakuna ndizi iliyokamuliwa ili kuupata. Wataalamu wa kemia huuita amili asetati, na kwa usahihi zaidi isoamili asetati. Una ndugu yake wa karibu, butili asetati, ambaye harufu yake na kazi zake karibu ni sawa na zake.

Msomaji kijana, katika vitabu vya historia umezoea kusoma habari za wafalme, vita na mikataba. Ni haki uzisome. Lakini viko vitu vingine visivyo na kiti cha enzi wala jeshi, ambavyo vimegeuza maisha ya watu kimyakimya, na historia yake haikuandikwa juu ya mnara bali ilikaa katika chupa. Umajimaji huu ni mmoja wapo. Umetia ladha katika peremende, umepima mwanga, umesaidia kutengeneza filamu za sinema, umefupisha kazi ya kupaka magari rangi, na umekuwa chombo katika kusafisha dawa iliyookoa roho nyingi. Hata hivyo, umajimaji huo huo huweza kuunguza nyumba. Yafaa basi tufuate habari zake tangu mwanzo, tupate kujua namna ya kuishi nao.

Kwanza, tufahamu jamaa yake. Amili asetati na butili asetati ni wa ukoo mmoja uitwao esta. Esta huzaliwa asidi inapooana na alkoholi. Katika ndoa hiyo maji hutengwa, na kitu kipya hubaki. Asidi ya esta zetu mbili ni asidi asetiki, ile ile iliyomo katika siki na kuifanya iwe kali. Mwaka 1759, Mfaransa mmoja mwenye cheo, Comte de Lauraguais, alichanganya asidi ya siki na pombe kali akapata umajimaji wenye harufu nzuri, ambao leo huitwa ethili asetati. Neno lenyewe, esta, lilitungwa na Mjerumani Leopold Gmelin mwaka 1848. Walakini asili iliwatangulia wote wawili. Ndizi inapoiva mtini au ndani ya gunia, hutengeneza isoamili asetati kidogo kidogo bila moto wala mitambo, na ndiyo sehemu kubwa ya harufu yake. Kwa hiyo pua yako haikukosea sana. Ilichokinusa katika karakana ni kile kile kilichomo katika ndizi, isipokuwa mzazi wake ni mwingine.

Na mzazi huyo, jambo la kustaajabisha, alikuwa ananuka vibaya. Katika viwanda vya Ulaya vya kukeneka pombe, pombe ilipokwisha kutenganishwa, yalibaki mafuta machafu ambayo hayakufaa kunywewa. Harufu yake ilikaba koo na kuumiza kichwa. Humo ndimo ilimokuwamo alkoholi iitwayo amili. Wanakemia waliichukua takataka hiyo, wakaipasha moto pamoja na asidi asetiki na asidi ya salfuriki, na uvundo ukageuka kuwa harufu ya tunda. Mwaka 1851 yalifanywa Maonyesho Makuu katika bustani ya Hyde Park mjini London, ndani ya jumba la vioo na chuma, na watu wa mataifa mengi walileta kazi za mikono na mitambo yao. Miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa palikuwa na chupa ndogo za manukato ya matunda: ya pea, ya tufaha na ya nanasi. Mwanakemia Mjerumani aliyekuwa akifundisha London, August Wilhelm Hofmann, aliyachunguza. Akaona ya kwamba manukato ya pea hayakuwa na pea ndani yake. Yalikuwa ni amili asetati iliyotiwa katika pombe. Tangu wakati huo watengenezaji wa peremende wametumia esta hizi kuupa ulimi ladha ya tunda ambalo halikuchumwa.

Hapo tunapata funzo la kwanza la historia hii, nalo ni ya kwamba kitu kisichotakiwa leo chaweza kuwa malighafi ya kesho, ikiwa atatokea mtu wa kukichunguza badala ya kukitupa. Mtu huyo hakuhitaji nguvu za ajabu. Alihitaji subira, mizani, na swali.

Lakini kama amili asetati ingebaki katika peremende tu, isingestahili insha nzima. Heshima yake ilikuja kwa sababu nyingine, yaani uwezo wake wa kuyeyusha. Mwaka 1846, Christian Friedrich Schönbein wa mji wa Basel, katika Uswisi, alitangaza ya kwamba pamba iliyotiwa katika asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki hubaki na sura ya pamba, lakini ikiguswa na moto hulipuka. Ikaitwa pamba ya baruti. Aina yake iliyo pole kidogo, wataalamu waliona, huyeyuka katika mchanganyiko wa etha na pombe, ikawa kama uji mwembamba. Uji huo ukipakwa juu ya kitu, viyeyushi huruka na kuacha ngozi nyembamba inayong'aa. Watu wakatambua mara moja ya kwamba hapa pana rangi mpya ya kupakia vyuma na mbao. Palikuwa na kizuizi kimoja tu: etha ilikuwa na haraka mno.

Ili uelewe shida ya haraka hiyo, kumbuka mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Maji yanapotoka polepole katika vitundu vyake na kukauka, huuchukua ujoto, na maji ya ndani hupoa. Basi etha, ambayo huchemka kwa joto la digrii 35 tu za Sentigredi, hukauka kwa kasi kubwa, na kitu kilichopakwa hupoa ghafula. Kikipoa hivyo, unyevu wa hewa hukikalia kama umande wa alfajiri, na ile ngozi iliyotarajiwa kung'aa huwa na ukungu mweupe, tena dhaifu. Kilichotakiwa kilikuwa kiyeyushi chenye subira. Mwaka 1882, huko Newark katika jimbo la New Jersey, Marekani, John H. Stevens alipata hati ya uvumbuzi kwa kutumia amili asetati katika kazi hiyo. Amili asetati huchemka kwa digrii 142. Haikauki kwa pupa. Huondoka taratibu, nayo pamba iliyoyeyushwa hujipanga sawasawa, na uso wake hubaki mwangavu. Mambo ya haraka, wazee wetu walisema, hayana baraka. Na katika ufundi wa vanishi msemo huo ni kweli tupu.

Tangu hapo kazi za umajimaji huu zilifuatana kama mawimbi. Mwaka 1884 Mjerumani Friedrich von Hefner-Alteneck alitengeneza taa ndogo ya kupimia mwanga. Wakati huo taa za gesi na za umeme zilikuwa zikishindana, na kila mwenye kuuza taa alidai yake ndiyo yenye nuru zaidi. Pasipo kipimo, nani angeamua? Taa ya Hefner ilichoma amili asetati safi katika utambi wa upana wa milimita 8, na mwali wake ulirekebishwa mpaka ufikie kimo cha milimita 40. Nuru ya mwali huo ndiyo iliyokuwa kipimo. Amili asetati ilichaguliwa kwa kuwa ni kitu kimoja kisichobadilika kikisafishwa, si kama mafuta ya wanyama au nta ambayo leo ni haya na kesho ni mengine. Ujerumani na nchi jirani zilikitumia kipimo hicho mpaka katika miaka ya 1940, ndipo kikaja kipimo cha mataifa yote.

Mwaka 1889, katika kampuni ya George Eastman mjini Rochester, mwanakemia Henry Reichenbach alipata hati kwa njia ya kutengeneza filamu inayokunjika. Katika mchanganyiko wake mlikuwamo pamba iliyotiwa asidi, kafuri, alkoholi, na amili asetati. Kabla ya hapo picha zilipigwa juu ya vipande vya kioo, vizito na vyepesi kuvunjika. Filamu ndefu inayoviringishwa ndiyo iliyowezesha picha kwenda, yaani sinema. Walakini filamu ile ilikuwa binamu ya pamba ya baruti, na haikusahau ukoo wake. Mwaka 1929, katika hospitali moja ya Cleveland nchini Marekani, filamu za eksirei za aina hiyo ziliwaka katika ghala la chini, na moshi wake wenye sumu ukapanda katika vyumba vya juu. Watu 123 walikufa. Baada ya msiba huo filamu zilizo salama zaidi zilipata nguvu, na zile za zamani hatimaye ziliachwa.

Sasa tufike katika sura iliyo chungu zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mabawa ya ndege hayakuwa ya chuma bali ya nguo ya kitani iliyotandazwa juu ya fremu za mbao. Nguo hiyo ilipakwa umajimaji wa kuikaza, ili ivutike kama ngozi ya ngoma na isipenye maji wala hewa. Umajimaji huo ulikuwa ni selulosi iliyoyeyushwa, na wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliupaka kwa brashi ndani ya vyumba vilivyofungwa ili baridi na unyevu visiingie. Nchini Uingereza na Ujerumani baadhi ya viwanda vilitumia kiyeyushi kiitwacho tetrakloroetani. Harufu yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa tamu tamu. Lakini kiliharibu maini ya waliokivuta siku baada ya siku. Macho na ngozi za wafanyakazi ziligeuka rangi ya manjano, na wengine wakafa. Uchunguzi ukafanywa, tangu mwaka 1916 sheria ya Uingereza iliwalazimu madaktari kutoa taarifa ya ugonjwa huo, na kiyeyushi kile kikaachwa, mahali pake pakashikwa na vingine visivyo na madhara makubwa kama hayo.

Nimekueleza habari hii, msomaji, ingawa tetrakloroetani si esta, kwa sababu wafanyakazi wale hawakuwa na njia ya kutambua tofauti kwa pua zao. Pua huweza kukuambia ya kwamba kitu kinapendeza. Haiwezi kukuambia ya kwamba kitu hakidhuru. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliyewajibika kujua ni yule aliyechagua kiyeyushi na kuwafungia watu chumbani pamoja nacho, si mama yule aliyeshika brashi ili apate chakula cha watoto wake. Ujuzi wa kemia si pambo la mtihani. Anapoukosa mwenye mamlaka, gharama yake hulipwa na mwili wa mtu mwingine.

Vita hivyo hivyo vilimleta ndugu wa pili jukwaani. Uingereza ilihitaji asetoni nyingi kwa kutengeneza baruti isiyo na moshi. Chaim Weizmann, mwanakemia wa Manchester ambaye mwaka 1949 alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Israeli, alikuwa amegundua kidudu kisichoonekana kwa macho ambacho hula wanga wa mahindi na kutoa asetoni. Kiwanda kiliwekwa pia Toronto, katika Kanada, na kingine Terre Haute, katika jimbo la Indiana, Marekani, ambako mahindi yalikuwa tele. Huko Uingereza kwenyewe, chakula kilipoadimika mwaka 1917, watoto wa shule waliombwa waokote kokwa za miti fulani ya bustani, zisizoliwa na watu, ili zitumike badala ya nafaka. Walizikusanya kwa bidii, lakini nyingi zilioza zikingojea treni, na kiwanda hakikufanikiwa nazo kwa muda mrefu.

Kidudu cha Weizmann kilikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenye viwanda. Kwa kila sehemu 3 za asetoni, kilitoa sehemu 6 za alkoholi iitwayo butili, na sehemu 1 ya pombe ya kawaida. Aliyetaka asetoni alipata butili maradufu, na butili hiyo haikuwa na mnunuzi. Vita vilipokwisha mwaka 1918, haja ya asetoni ilipungua, lakini nyakati nazo zikageuka. Marekani ilipiga marufuku pombe tangu Januari 1920, na mafuta machafu ya viwanda vya pombe, yaliyokuwa mzazi wa amili asetati, yakawa haba. Ndipo watu wakaikumbuka alkoholi ya butili. Wakaiozesha kwa asidi asetiki, wakapata butili asetati, kiyeyushi kilichochemka kwa digrii 126 na kufanya kazi ile ile ya amili asetati. Kilichokuwa mzigo kikawa bidhaa, na asetoni ndiyo sasa iliyokuwa mfuasi.

Mnunuzi mkubwa alikuwa karibu. Magari wakati huo yalipakwa vanishi za zamani, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilingojewa likauke. Kazi ya gari moja ilichukua majuma kadhaa, na maghala yalijaa magari yanayosubiri rangi tu. Henry Ford alikwepa shida hiyo kwa kuuza magari meusi peke yake kuanzia 1914 hadi 1925, kwa kuwa rangi yake nyeusi iliweza kukaushwa tanurini. Mwaka 1920, huko Parlin katika New Jersey, watu wa kampuni ya DuPont waligundua njia ya kuifanya pamba iliyotiwa asidi iwe nyepesi inapoyeyushwa, hata iweze kubeba rangi nyingi bila kuwa nzito kama asali. Rangi hiyo waliiita Duco. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors iliitumia katika magari ya Oakland, yakatoka yakiwa na rangi ya samawati. Majuma yakawa saa. Jina hilo la Duco limeenea duniani, na hata katika karakana zetu utasikia fundi akitaja rangi ya duko, pengine bila kujua ya kwamba anataja ugunduzi wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Na usidhani ya kwamba umajimaji huu ulihudumia mashine tu. Mjini Oxford, kuanzia mwaka 1939, Howard Florey na Ernst Chain walikuwa wakijaribu kuitenga penisilini kutoka katika supu ya ukungu ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Dawa hiyo ilikuwa kidogo sana katika maji mengi, tena iliharibika upesi. Mwenzao Norman Heatley alibuni njia: supu ilipozwa na kutiwa asidi, na hapo penisilini ilikubali kuhamia katika kiyeyushi, kisha ikarudishwa katika maji safi yenye magadi kidogo, ikiacha takataka nyuma. Kwanza walitumia etha, na baadaye amili asetati. Katika viwanda vikubwa vilivyofuata, amili asetati na butili asetati zimekuwa miongoni mwa viyeyushi vya kazi hiyo. Mtu aliyeponywa homa ya mapafu kwa sindano ya penisilini hakujua ya kwamba dawa yake ilipita katika umajimaji wenye harufu ya ndizi.

Mwaka 1962 wataalamu wa Kanada walitoa habari nyingine ambayo yatuhusu sisi kwa karibu. Nyuki anapomchoma adui, huacha mwiba, na pamoja na mwiba hutoka harufu inayowaita wenzake waje kushambulia. Walipoichunguza harufu hiyo, wakakuta kitu kikuu ndani yake ni isoamili asetati. Kwa tunda ni harufu ya utamu. Kwa nyuki ni mbiu ya vita. Wafugaji wa nyuki wa Kitui na Baringo hufuka moshi kwenye mzinga, na sasa unajua sababu mojawapo: moshi huifunika ile mbiu isiwafikie askari. Mwenye kujipaka vitu vyenye harufu ya ndizi, au aliyetoka kazini na vanishi nguoni, asiusogelee mzinga.

Sasa tuziangalie tabia za umajimaji wenyewe, kwa maana mwenye kuzijua hana haja ya kubahatisha. Ni mwepesi kuliko maji, huelea juu yake, na huyeyuka humo kidogo sana. Kwa sababu hiyo, ukiwaka moto usiurushie ndoo ya maji. Moto utaelea na kusambaa. Tumia mchanga mkavu, blanketi la kuzimia moto, au chombo cha kuzimia moto chenye povu, unga au hewa ya kaboni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara nne au karibu na hapo. Hauendi darini kama moshi. Hutambaa sakafuni, huingia mitaroni na chini ya milango, na waweza kuufikia moto wa jiko lililo chumba cha pili, kisha mwali ukarudi mbio mpaka kwenye kopo. Butili asetati hutoa mvuke wa kutosha kuwaka katika joto la digrii 22 hivi. Mchana wa kawaida wa Nairobi waweza kuufikia ujoto huo, na Mombasa huupita.

Basi kanuni zake zatokana na tabia hizo. Kazi ifanywe mahali penye hewa inayopita, milango wazi, au nje kivulini. Pasiwepo jiko, kibatari, sigara, wala nyaya za umeme zinazotoa cheche. Kopo lifunikwe mara tu baada ya kumiminwa, na vitambaa vilivyolowa vitiwe katika debe la chuma lenye kifuniko. Umajimaji usitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na jina lake liandikwe wazi, maana mtoto husoma kwa pua, na pua yake itamwambia ya kuwa ni kinywaji cha matunda. Fundi avae glavu, kwa sababu umajimaji huu huondoa mafuta ya ngozi na kuipasua. Ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15, kisha aonwe mganga. Aliyevuta mvuke na kuona kizunguzungu apelekwe penye hewa safi. Aliyeumeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali upesi, pamoja na kopo lenyewe ili wahudumu wajue alichokimeza.

Sheria ya usalama kazini ya Marekani huruhusu sehemu 100 tu za isoamili asetati, au 150 za butili asetati, katika sehemu milioni moja za hewa, kwa siku ya kazi ya saa nane. Pua huweza kuinusa isoamili asetati iliyo chini sana ya kiasi hicho, na kwa ajili hiyo hutumiwa kupima barakoa za wafanyakazi: mtu huvaa barakoa, kisha harufu hiyo huletwa karibu naye, akisema ananusa ndizi, barakoa yapitisha hewa. Huo ni utumishi mwema wa harufu. Lakini usiitegemee siku nzima, kwa kuwa pua huchoka na kuzoea, na baada ya muda haitoi habari tena ingawa mvuke umeongezeka. Tena fahamu ya kwamba thina inayouzwa madukani mara nyingi ni mchanganyiko, na nyuma ya harufu ya tunda zaweza kujificha tolueni na vingine vyenye madhara makubwa zaidi. Anayenusa gundi au thina kwa kusudi la kulewa hajui anachokiingiza katika ubongo wake. Viyeyushi vya namna hiyo vimewaua vijana papo hapo kwa kuvuruga mapigo ya moyo.

Katika maabara ya shule yako, huenda utatengeneza esta kwa mikono yako: matone ya pombe, matone ya asidi asetiki, na tone la asidi ya salfuriki. Pasha mchanganyiko kwa kuutia katika maji ya moto, si juu ya mwali. Umimine katika bilauri ya maji, kisha upepee harufu kwa kiganja kuelekea puani, wala usiinamishe uso juu yake. Hapo utakuwa unarudia kazi ya Lauraguais ya mwaka 1759, lakini kwa tahadhari ambayo yeye hakufundishwa na mtu.

Wengi wenu mtaacha shule na kuingia katika karakana, viwanda, hospitali na maduka. Baadhi yenu mtakuwa wenye kuajiri. Siku moja mtaletewa kopo la bei nafuu lisilo na jina, lenye harufu nzuri, na kijana mwanafunzi wa kazi atangojea mmwambie kama alitumie au asilitumie, na kama afungue dirisha au afunge. Jibu lenu litakuwa na uzito. Waliopaka mabawa ya ndege mwaka 1914 hawakupata mtu wa kuwauliza kwa wakati. Ulizeni nyinyi: ndani yake mna nini, huwaka kwa joto gani, mvuke wake huelekea wapi, na nani atakayeuvuta? Msipopata majibu, kopo na lifungwe, na kazi ingoje.